Kabla hamjatia saini, pimeni na tope: barua ya wazi kuhusu mikoko ya Tanga

Kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu, Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Mkuu wa Mkoa wa Tanga, na wakurugenzi wa halmashauri za Mkinga, Jiji la Tanga, Muheza na Pangani.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Nawaandikia kutoka pwani ya Mkinga, mimi mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji kinachopakana na mikoko. Haya ninayoyaandika nimeyasema pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu. Ombi langu naliweka hapa juu ili asiye na nafasi ya kusoma yote alipate: kabla mkataba wowote wa kaboni, yaani wa kulipwa kwa hewa ukaa inayotunzwa na msitu, haujatiwa saini juu ya mikoko ya mkoa huu, na kabla leseni nyingine ya shamba la chumvi haijatoka, mikoko yetu ipimwe hori kwa hori (hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), miti pamoja na tope lake, wanavijiji wakiwa miongoni mwa wapimaji, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili.

Naandika sasa kwa sababu wakati umefika. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi wameshapata fedha kwa kutunza misitu ya bara. Habari hizo zimefika hadi vibarazani kwetu. Watu wanauliza: na sisi wa mikoko je?

Wanauliza hivyo hasa kwa sababu ya majirani zetu. Watu wa Jasini na Moa wana ndugu Vanga, upande wa Kenya. Tunaoana, tunazikana, tunavua bahari moja. Huko kusini mwa Mombasa, katika ghuba ya Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja wa kuuza kaboni ulianza mwaka 2013 ukiwa na hekta 117 tu za mikoko. Hesabu yao ni takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya bomba na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha mradi wao, mkubwa kuliko ule wa Gazi, na mikoko yao inaonekana kutoka kwetu siku hewa ikiwa safi. Tena msitu ule si mali ya kijiji. Ni msitu wa serikali ya Kenya, ila serikali iliandikiana na wanajamii mkataba wa kuutunza pamoja, na mkataba huo ndio uliowapa haki ya kuuza na kula matunda ya utunzaji wao.

Mikoko yetu nayo ni hifadhi ya serikali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Kwa hiyo mlango upo. Ninachoogopa ni kuingia mlango huo bila kujua tulichobeba mkononi.

Niruhusuni nifanye hesabu ya mti mmoja, maana neno kaboni limekuwa likitajwa mikutanoni na watu wengi hutoka bila kujua lilipimwaje. Chukua mkoko, ule wenye mizizi mingi inayoshuka kutoka shinani, wenye kipenyo cha sentimita 15. Miti mingine hupimwa usawa wa kifua, sentimita 130 kutoka chini. Mkoko haupimwi hivyo; hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo umepima mizizi ukadhani umepima shina. Ukishapata kipenyo, unakiingiza kwenye kanuni inayokupa uzito wa mti mkavu bila kuukata. Kanuni inayotumika sana duniani ni ya Komiyama na wenzake, ya mwaka 2005. Kwa mti wetu, ukiuchukulia ubao wa mkoko kuwa na uzito wa gramu 0.85 kwa kila sentimita ya ujazo, sehemu ya juu ya mti inakuja karibu kilo 167, na mizizi karibu kilo 70. Kaboni ni kama asilimia 47 ya sehemu ya juu na asilimia 39 ya mizizi. Jumla yake ni kilo 106 hivi. Ili kaboni hiyo isemwe kwa lugha ya soko, yaani hewa ukaa, unazidisha mara 3.67. Unapata kilo 388.

Haifiki nusu tani. Sasa tuseme tani moja inauzwa dola 10. Nimechagua kumi ili hesabu iwe nyepesi, si kwamba hiyo ndiyo bei. Mti wetu, uliosimama baharini miaka mingi, una thamani ya kaboni isiyofika dola nne. Malipo hayo ni ya mara moja, na kabla hayajafika kijijini yatakuwa yamepita kwa mthibitishaji, kwa mwendesha mradi na kwa mamlaka. Kijana ambaye ameambiwa boriti ile ile ina mnunuzi leo jioni, ukimpa hesabu hiyo atakusikiliza kwa adabu kisha ataondoka zake na shoka.

Ndiyo maana nasema anayetupimia miti peke yake anatupunja, hata kama hakusudii.

Utajiri wa mikoko uko chini. Majani, matawi na mizizi inayokufa huzama kwenye tope ambalo halina hewa, na pasipo hewa uozo huenda polepole mno. Mto na maji ya kujaa huleta udongo mpya juu yake, na mizizi huushika. Miaka mia inapita, miaka elfu inapita, na kaboni imo. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika mwongozo wake wa ardhi oevu wa mwaka 2013, lilitoa kadirio la kutumiwa pale ambapo nchi haina vipimo vyake: tani 386 za kaboni kwa hekta moja, kwenye mita moja ya juu ya udongo wa mikoko. Ukiibadili kuwa hewa ukaa ni karibu tani 1,415. Watafiti waliopima mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki na kuchapisha mwaka 2011 walikuta wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, miti na udongo pamoja, na udongo peke yake ulikuwa na kati ya asilimia 49 na 98 ya hiyo yote. Tope ni kibubu cha msitu huu: kinatiwa kidogo kidogo, na namna ya kukitoa kilichomo ni kukivunja.

Na sisi tunakivunja. Tunakivunja kwa mashamba ya chumvi.

Sina vita na chumvi. Chumvi ya pwani hii inalisha nyumba nyingi, na wapo akina mama huku kwetu ambao wamesomesha watoto kwa kubeba chumvi kwenye karai. Kuna uwanda mweupe nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, peke yake ndiyo hufika na jua limekwisha kuchoma kila kitu. Hapo panafaa chumvi na hakuna anayelia. Shida huanza shamba linaposogea mbele na kuingia kwenye michu, ambayo ni aina mojawapo ya mikoko. Huko kwanza miti hukatwa, halafu tope huchimbuliwa, hugeuzwa na kuachwa wazi juani, na kaboni iliyokaa humo tangu enzi za mababu huanza kutoka kwa kukutana na hewa. Halafu kuna tuta. Tuta hukata njia ya maji ya kujaa, na michu iliyo nyuma yake, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, hukauka ikiwa imesimama. Liko hori moja huku kwetu ambako hali ni hiyo. Mkaguzi alipokuja aliuliza nani amekata miti. Hakuna aliyekata. Kwa hiyo ripoti ikafungwa.

Pigeni nami hesabu ya shamba la chumvi la hekta 10 lililochimbwa ndani ya mikoko. Kwa kadirio lile la tani 386, mita moja ya juu ya tope hilo ina hewa ukaa karibu tani 14,150. Haitatoka yote, wala haitatoka kwa siku moja. Lakini hata ikitoka robo yake, ni zaidi ya tani 3,500. Wenzetu wa Gazi hutunza hekta 117, hulinda, hupanda na kupimwa kila mwaka, ili wauze takribani tani 3,000. Shamba moja la chumvi lililowekwa mahali pasipofaa linaweza kufuta kazi ya mwaka mzima ya vijiji viwili, na zaidi. Je, kuna mahali popote kwenye fomu ya leseni ambapo hasara hii huandikwa?

Ninavyoona mimi, kiini cha tatizo kiko hapa. Mti uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Chumvi ni madini, na leseni yake hutoka upande wa madini. Samaki wanaozaliana kwenye mizizi wako chini ya uvuvi, na kuanzia kusini mwa Jiji la Tanga kuelekea Pangani wako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Tathmini ya mazingira iko kwa wengine. Kaboni imekuja na ofisi yake. Kila mmoja wenu anaweza kutekeleza wajibu wake kwa uaminifu kabisa, na bado hori likafa, kwa sababu hakuna karatasi moja ambayo inabeba vyote na ambayo kila mmoja analazimika kuisoma kabla ya kutia saini. Upimaji ninaouomba ndio karatasi hiyo.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku, na mwaka 1991 marehemu Profesa Adelaida Semesi alikamilisha mpango wa kusimamia mikoko yote ya Tanzania Bara. Aliigawa katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa mpango, ya kuachwa ipone, na ya kufanyiwa shughuli za maendeleo. Alitembea pwani hii hori kwa hori wakati ambapo hakuna mtu aliyezungumza habari ya kuuza hewa. Kisha kuanzia mwaka 1994 ukaja mradi wa hifadhi na maendeleo ya mwambao wa Tanga, na vijiji vya Kipumbwi na Sange, wilayani Pangani, vikakaa na maofisa misitu vikaandika mpango wao wa kutunza mikoko kwa pamoja. Waliokuwapo wengine bado wako hai. Waulizeni. Watawaambia kwamba doria za wanakijiji ziliwezekana, na kwamba zilichoka pale mradi ulipokwisha na mlinzi akabaki na filimbi bila posho.

Hata kanuni za kupimia tunazo za kwetu. Ile niliyoitumia hapo juu ilitokana na miti ya Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka 2016 watafiti wa Sokoine na wenzao walichapisha kanuni za aina tatu za mikoko, yaani mchu, mlilana na mkoko wenyewe, zilizotokana na miti ya pwani ya Tanzania. Walikata miti, wakaipima vipande vipande, na mizizi wakaichimbua kwenye tope. Anayejua kuchimbua mzizi wa mkoko ataielewa kazi hiyo. Itakuwa aibu mwekezaji aje na hesabu ya miti ya nchi nyingine wakati hesabu ya miti yetu iko Morogoro.

Kuhusu wapimaji, naomba mnielewe vizuri. Siombi wanakijiji washirikishwe kwa maana ya kubeba mikoba ya wataalamu na kusaini karatasi ya mahudhurio. Naomba wapime. Picha ya setilaiti huonyesha ukijani na ukubwa wa eneo, na hilo ni jambo jema. Haiwezi kukuhakikishia kwamba kijani kile ni mkandaa mfupi uliosongamana au ni mkoko wenye miaka arobaini. Ubao wa mlilana ni mwepesi kuliko wa mkoko. Ukikosea aina ya mti umekosea tani. Mzee wa huku aliyekata mataruma, yaani mbavu, ya mashua tangu ujana wake huijua miti hiyo kwa kugusa gome gizani. Kina mama wanaotafuta kaa na tondo wanajua wapi tope linafika gotini na wapi linameza mtu hadi kiunoni, na kina cha tope ndicho nusu ya hesabu yote. Halafu kuna maji. Atakayekuja kupima siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, atapima sehemu ya juu tu na kuiacha mililana ya mbele ambayo haitoki majini sawasawa hadi bamvua ipwe. Ratiba hiyo haiko kwenye kalenda ya ofisi. Iko vichwani mwa wavuvi.

Kazi yenyewe inafundishika. Unapiga mstari kutoka ukingo wa hori kwenda nchi kavu. Kwenye mstari huo unaweka viduara vya mita saba kila upande kutoka katikati, kimoja baada ya kingine, na ndani ya kila kimoja unapima kila mti na kuandika aina yake. Katikati unazamisha bomba la chuma lililopasuliwa upande mmoja, unalizungusha, unalitoa na gogo la tope ndani yake, unakata vipande kwa vina vinavyojulikana, unatia kwenye mifuko na kuandika. Kukausha na kuchoma kwenye tanuri ili kujua kaboni ni kazi ya maabara. Kidato cha nne wa huku, na wako wengi wanaokaa bila kazi, anaweza kuifanya sehemu ya shambani kwa ustadi baada ya mafunzo ya wiki chache. Naye akishapima kwa mikono yake, hesabu hiyo kijijini haitakuwa tena neno la wageni. Mtu atakayekuja baadaye na mkataba wenye tarakimu nyingine atakutana na watu wanaojua kuuliza.

Sasa thamani. Hapa nina hofu na nitaisema wazi. Ukiuambia ulimwengu kwamba mkoko una bei, mwenye fedha zaidi atakuja aseme nitalipa bei hiyo na juu yake, nipeni eneo. Kaboni peke yake itashindwa kwenye mnada wa namna hiyo. Kwa hiyo tathmini ya uchumi wa mikoko ya Tanga isiishie kwenye kaboni hata kidogo.

Ihesabiwe kamba na samaki wanaokulia kwenye mizizi kisha kuvuliwa mbali kabisa na pale, na wavuvi wa Tongoni na Kigombe waulizwe. Ihesabiwe kaa koko, ambaye anamtafutia mama mmoja ada ya shule. Ihesabiwe asali ya mchu. Ihesabiwe udongo unaoshikwa na mizizi usiende kuyafunika matumbawe na nyasi bahari. Ihesabiwe kinga dhidi ya mawimbi: tafiti za sehemu mbalimbali zimeonyesha kwamba mita 100 za mikoko huweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea msitu ulivyo. Mji wa Pangani unajua gharama ya ukuta wa bahari. Na mkoa mzima unakijua kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee wamekiona kikiwa na miti, na leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa hulioni. Maziwe haikuwa mikoko, lakini ni ushahidi wa kutosha kwamba pwani hii huliwa, na ikishaliwa hairudishwi kwa bajeti.

Pia uhesabiwe mti wenyewe kama mti. Pwani yetu imejengwa kwa boriti. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Mkandaa ulitoa rangi ya magome. Mkomafi ni dawa na ni ubao. Mwenye mashua akihitaji taruma lililopinda sawasawa hatalipata dukani. Mpango wa Profesa Semesi ulikuwa na kanda ya kuvuna, na mimi naamini alikuwa na haki. Marufuku ya jumla isiyo na mlinzi humnyima fundi mwaminifu kibali, na humwachia njia mkataji wa usiku.

Na wanaopika? Mama anayekaanga samaki sokoni anahitaji kuni leo, na mti uliosimama haumpikii. Kama mradi wa kaboni utamzuia kuingia hori bila kumpa jiko linalokula kuni kidogo au shamba la mivinje la kijiji, basi gharama ya kupoza dunia italipwa na aliye maskini kuliko wote katika mkataba. Gharama hiyo nayo iandikwe kwenye hesabu, upande wa matumizi, kwa jina lake.

Jambo jingine liko kwenye fidia. Mkoa wetu unapokea miradi mikubwa. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, na bandari ya Tanga imekuwa ikipanuliwa. Mthamini anapopita, mnazi una bei yake kwenye orodha, mwembe una bei yake, na mwenye shamba hulipwa. Mkoko, kwa kuwa ni wa hifadhi, hauna mwenyewe kijijini wa kulipwa, ingawa aliyekuwa akiishi kwa hori hilo ni mwanakijiji. Siombi mtu binafsi alipwe mali ya serikali. Naomba kwamba popote mikoko itakapoondolewa kwa kibali, tani zilizopimwa na riziki zilizopotea zitajwe kwa tarakimu, na fidia yake iende kwenye mfuko wa vijiji vya hori hilo kwa ajili ya kurudisha mikoko mahali pengine.

Kuhusu kurudisha, nina machache. Kila tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, tunapanda. Fulana huvaliwa, miche huhesabiwa, picha hupigwa. Naomba tuanze kuhesabu miti iliyo hai baada ya miaka mitatu badala ya miche iliyochomekwa siku ile. Mche wa mkoko ukiuchomeka mbele kabisa, mahali pa mlilana, wimbi litauondoa. Na pale ambapo tuta la chumvi lililoachwa limeziba maji, mara nyingi hakuna haja ya kupanda kitu: toboeni tuta, rudisheni njia ya maji, na mbegu za mchu zitakuja zenyewe na bamvua. Ni kazi ya majembe, na haina picha nzuri.

Serikali yetu imeahidi mbele ya mataifa, katika mchango wake wa mwaka 2021, kupunguza uzalishaji wa gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na ambavyo ungekuwa bila kuchukua hatua. Mikoko ya Tanga inaweza kuwa sehemu ya ahadi hiyo, na inaweza kuwa sehemu ya mapato ya halmashauri. Sipingi mradi wa kaboni. Nautaka. Ila nautaka baada ya kujua tani ngapi zimo katika hori la Moa, ngapi Manza, ngapi Tongoni, ngapi katika mlango wa mto Pangani, na ngapi Kipumbwi. Baada ya mikataba ya usimamizi wa pamoja kusainiwa na vijiji vyenyewe. Na baada ya mgawo wa fedha kusomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu, pamoja na muda wa mkataba. Mkataba wa kaboni huenda miaka ishirini au zaidi. Watakaokaa nao ni wajukuu wetu, ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo narudia kwenu kila mmoja kwa nafasi yake. Waziri wa misitu na Waziri wa mazingira, agizeni Wakala na kituo cha Sokoine wafanye upimaji huu kwa pamoja, kwa kanuni za miti ya Tanzania, na tope lipimwe zaidi ya mita moja pale linapofika. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kaeni na upande wa madini, na leseni mpya za chumvi zilizo ndani ya mikoko zisimame hadi hesabu itoke. Zile za uwanda mkavu ziendelee. Wakurugenzi, teueni wapimaji kutoka vijijini, vijana na kina mama, na muwalipe kama wapimaji.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa walau kila baada ya miezi mitatu. Naomba jibu lenu lije kwa maandishi, lipitie kwa mtendaji wa kijiji, na lisomwe kwenye mkutano unaofuata. Kama jibu ni kwamba fedha za upimaji hazipo mwaka huu, tuambieni hivyo pia, na mtuambie zitapatikana lini. Katika muda huo wa kungoja, saini nazo zingoje.

Wenu katika utumishi wa pwani hii,

Mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji,
Wilaya ya Mkinga, Tanga